Titi lililosongamana: linazaa saratani kali, au linaichelewesha kuonekana?

Mwaka 2007 watafiti wa Toronto wakiongozwa na Norman Boyd walichapisha matokeo ambayo mpaka leo hunukuliwa nusunusu. Waliwalinganisha wanawake ambao robo tatu au zaidi ya titi lao, kwa jinsi lilivyoonekana kwenye mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, ilikuwa tishu zilizosongamana, na wale ambao msongamano wao haukufika asilimia 10. Kwa kundi la kwanza uwiano wa hatari ya saratani ya titi ulikuwa 4.7 ukilinganishwa na kundi la pili. Namba hiyo ndiyo iliyosambaa. Ndani ya utafiti huohuo, hata hivyo, mna namba nyingine mbili ambazo kwangu zina uzito zaidi. Kwa saratani zilizogunduliwa na mamografia yenyewe, uwiano ulikuwa 3.5. Kwa zile zilizojitokeza kabla ya miezi 12 kupita tangu mamografia iseme hakuna tatizo, uwiano uliruka hadi 17.8.

Ugonjwa ni uleule na kipimo ni kilekile. Pengo hilo limetoka wapi?

Limetoka hapa: msongamano wa titi unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na mambo hayo hayafanani. La kwanza, unaongeza uwezekano wa saratani kuota. La pili, unaificha saratani iliyokwisha kuota. Anayeyachanganya haya mawili hufika haraka kwenye dai linalozunguka sana, kwamba titi lililosongamana huzaa saratani kali kuliko titi la mafuta. Dai hilo, jinsi linavyosemwa, ushahidi haulibebi. Lakini halikuzuka hewani, na kuona lilikotoka ndiyo njia nzuri ya kuelewa msongamano ni kitu gani.

Nyeupe juu ya nyeupe

Kwa macho ya eksirei, titi lina vitu viwili. Mafuta hupitisha miale kwa urahisi, kwa hiyo hutoka meusimeusi pichani. Tezi za maziwa, mirija yake, na tishu unganishi zinazozishikilia huizuia miale zaidi, nazo hutoka nyeupe. Msongamano ni ule weupe: ni kiasi gani cha titi kimetoka cheupe na kiasi gani kimetoka cheusi. Hauhusiani na ukubwa wa titi. Wala hauhusiani na ugumu wake mkononi, jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hulikosea. Titi linaloshikika imara linaweza kuwa la mafuta, na lililo laini likawa limesongamana. Bila picha hakuna anayeweza kujua.

Uvimbe wa saratani nao hutoka mweupe. Katika titi la mafuta, uvimbe wa sentimita moja hujitenga na meusi yaliyouzunguka na jicho la mtaalamu wa radiolojia huunasa. Katika titi lililosongamana sana, kuutafuta ni kama kutafuta punje ya chumvi ndani ya sukari. Takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba mamografia ilinasa takriban asilimia 87 ya saratani kwenye matiti yaliyo karibu yote mafuta, lakini asilimia 63 tu kwenye yaliyosongamana kupita kiasi. Hizo zilikuwa enzi za filamu. Mwaka 2005 utafiti mkubwa wa DMIST ulionyesha kuwa mamografia ya kidijitali inawafaa zaidi wanawake walio chini ya miaka 50 na wenye matiti yaliyosongamana. Pengo lilipungua, halikuzibika.

Si kila saratani hufichika sawasawa, na hili husahaulika. Saratani ambayo bado imefungiwa ndani ya mrija wa maziwa mara nyingi huacha vipunje vidogo vya kalsiamu, na kalsiamu hutoka nyeupe kupita tishu yoyote ya titi. Vipunje hivyo huonekana hata katikati ya weupe. Kinyume chake ni saratani inayotokana na vijitezi vya maziwa, ile inayoitwa lobula. Seli zake zimepoteza E-kadherini, protini inayozigandamanisha seli pamoja, kwa hiyo hupenya tishu kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, bila kutengeneza donge. Hiyo huweza kuwa kubwa na picha ikaonekana tulivu. Kwa hiyo kufichika si tabia ya titi peke yake. Ni makubaliano kati ya titi na uvimbe.

Wazo kwamba sura ya titi pichani inatabiri saratani liliwekwa mezani mwaka 1976 na John Wolfe, mtaalamu wa radiolojia wa Detroit, aliyeyagawa matiti katika makundi manne. Wapinzani hawakukawia. Walisema Wolfe amedanganywa na picha: saratani zilikuwamo tangu mwanzo, hazikuonekana, zikaja kuhesabiwa baadaye kana kwamba ni mpya. Ubishi huo wa karibu nusu karne ndio uleule ninaoufumua hapa.

Leo wataalamu wengi hutumia mfumo wa BI-RADS wa chuo cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani, wenye herufi nne. A ni titi lililo karibu lote mafuta. B lina tishu zilizosongamana hapa na pale. C limesongamana bila usawa. D limesongamana kupita kiasi. C na D ndizo huitwa matiti yaliyosongamana. Kati ya wanawake wa Marekani wanaopimwa, takriban mmoja kati ya 10 huangukia A, wanne B, wanne C, na mmoja D. Maana yake karibu nusu yao wana matiti yaliyosongamana, na mtu anayeambiwa hivyo hajaambiwa kwamba ana kasoro.

Toleo la tano la mfumo huo, la mwaka 2013, lilifanya badiliko ambalo wengi wamelipita bila kulitazama. Liliacha kutumia asilimia. Tangu hapo, titi lenye sehemu moja nzito inayotosha kuficha uvimbe linaweza kuwekwa C hata kama sehemu nyingine zote ni mafuta. Kwa maneno mengine, herufi zilisogea kutoka kupima hatari zikaelekea kupima uwezo wa kuficha. Ukisoma utafiti wa zamani uliotumia asilimia kando ya mpya uliotumia herufi, unasoma vitu vinavyofanana bila kuwa kitu kimoja.

Kisha herufi yenyewe hutegemea jicho. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitazama wataalamu 83 wa radiolojia na kukuta kwamba aliyekuwa mwepesi zaidi aliyaita asilimia 6.3 tu ya matiti kuwa yamesongamana, na aliyekuwa mzito zaidi aliyaita hivyo asilimia 84.5. Kati ya wanawake waliosomewa picha mbili mfululizo na wataalamu tofauti, takriban asilimia 17 walivuka mstari, kutoka kusongamana hadi kutosongamana au kinyume chake. Programu za kompyuta zinazopima ujazo wa tishu zimekuja kupunguza tofauti hizo, ingawa nazo hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe kila mara.

Kuficha peke yake hakutoshi

Wapinzani wa Wolfe walikuwa na hoja, ila hoja hiyo inapimika. Kama msongamano ungekuwa unaficha tu, usingeongeza idadi ya saratani, ungezichelewesha kugunduliwa. Mwanzoni zingeonekana chache, baadaye zilizofichika zingejitokeza, na mwisho wa yote hesabu ingekuwa sawa. Baada ya miaka kadhaa tofauti kati ya makundi ingetoweka, kwa sababu uvimbe unaokua hauwezi kujificha milele.

Haikutoweka. Katika utafiti wa Toronto, hatari iliyoongezeka ilidumu angalau miaka minane tangu wanawake waanze kufuatiliwa. Mwaka mmoja kabla yake, uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi ulikuta hatari ikipanda ngazi kwa ngazi: ukilinganisha na msongamano ulio chini ya asilimia 5, wenye asilimia 50 hadi 74 walikuwa na hatari ya takriban mara 2.9, na wenye asilimia 75 na kuendelea mara 4.6. Kupanda kwa ngazi namna hii ni vigumu kuelezwa kwa kuficha peke yake.

Sababu za kibiolojia nazo zipo. Saratani ya titi huanza kwenye seli zinazofunika mirija na vijitezi, si kwenye mafuta. Penye tishu nyingi za tezi pana seli nyingi zinazoweza kuharibika. Tishu unganishi zilizojaa kolajeni huwa ngumu, na seli zilizoegemea mazingira magumu hupokea ishara za kukua na kusambaa tofauti na zilizoegemea mazingira laini. Tena, saratani zilizo bado ndani ya mirija hupatikana kwa wingi mno kwenye sehemu zilezile zilizotoka nyeupe, si popote tu ndani ya titi. Na jambo lenyewe ni la kurithi kwa kiasi kikubwa: utafiti wa mapacha uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa takriban asilimia 60 ya tofauti za msongamano kati ya wanawake wa umri mmoja hutokana na vinasaba.

Nina neno moja la tahadhari kuhusu hizi namba kubwa. "Mara nne hadi tano" ni umbali kati ya ncha mbili, yaani wanawake wachache wenye msongamano mkubwa kabisa dhidi ya wachache walio karibu hawana. Hakuna mwanamke anayeishi kwenye tofauti hiyo. Ukimlinganisha mwenye D na mwanamke wa wastani, hatari ni takriban mara mbili, na mwenye C anazidi wastani kwa kiasi kidogo tu. Vichwa vya habari hupenda namba ya kwanza.

Sifa za uvimbe: zipi ni za muda, zipi ni za asili

Sasa turudi kwenye dai la ukali. Uvimbe ukishatolewa na kuchunguzwa maabara, ripoti huwa na mambo mengi: ukubwa, kama seli zimefika kwenye tezi za kwapani, daraja (jinsi seli zilivyobadilika zikiacha kufanana na za kawaida), kama seli zina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, kama zina kwa wingi HER2, kipokezi kinachohimiza seli kukua. Mgonjwa huyaona yote kama orodha moja ya habari mbaya na nzuri. Kwa swali letu, orodha hiyo lazima igawanywe sehemu mbili.

Upande mmoja kuna sifa zinazobadilika kadiri siku zinavyopita. Uvimbe uliokuwa wa milimita nane mwaka jana unaweza kuwa wa sentimita mbili mwaka huu. Tezi za kwapani zilizokuwa safi zinaweza kuvamiwa. Hatua ya ugonjwa hupanda pamoja nazo. Upande wa pili kuna sifa ambazo uvimbe kwa kawaida huzaliwa nazo na kuzibeba: aina yake, vipokezi vyake, HER2, na kwa kiasi kikubwa daraja lake. Uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni haugeuki kuwa usio navyo kwa sababu tu umecheleweshwa miezi 18.

Mgawanyo huu unatupa kipimo. Ikiwa msongamano unachelewesha ugunduzi, tutarajie tofauti upande wa kwanza: matiti yaliyosongamana yatatoa uvimbe mkubwa zaidi na tezi zilizovamiwa zaidi, lakini vipokezi vitafanana. Ikiwa msongamano unazalisha saratani za namna nyingine kabisa, tofauti itaonekana hadi upande wa pili.

Upande wa kwanza matokeo yanakaribiana sana. Tafiti nyingi, Marekani na Uswidi zikiwamo, zimekuta msongamano ukiambatana na uvimbe mkubwa na kuenea kwenye tezi za kwapani. Upande wa pili ni vurugu. Utafiti wa muda mrefu wa wauguzi wa Marekani, katika matokeo ya mwaka 2011, ulikuta uhusiano na msongamano ukiwa na nguvu zaidi kwa uvimbe usio na vipokezi vya estrojeni na wenye daraja la juu. Tafiti nyingine zikakuta uhusiano ni uleule, vipokezi viwepo visiwepo. Uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa mwaka 2013 haukuona tofauti ya maana kati ya aina hizo. Mtu akisoma utafiti mmoja anaweza kuondoka na jibu lolote alitakalo. Akizisoma pamoja ataona kwamba sifa za muda zinasogea na msongamano bila kubabaika, na sifa za asili hazisogei, au zinasogea kidogo na si kila mahali.

Kuna mitego miwili inayoongeza vurugu. Mmoja ni umri. Wanawake wadogo wana matiti yaliyosongamana zaidi, na saratani zao mara nyingi zaidi hukosa vipokezi vyote vitatu. Usipotenganisha umri, msongamano utabeba lawama isiyo yake. Mwingine ni uzito wa mwili. Mwanamke mnene huwa na mafuta mengi kwenye titi, kwa hiyo asilimia yake ya msongamano huwa ndogo, lakini baada ya ukomo wa hedhi unene wenyewe huongeza hatari ya saratani ya titi. Nguvu hizi mbili huvutana, na utafiti usiopima uzito utauona msongamano ukiwa dhaifu kuliko ulivyo.

Saratani ya kipindi cha kati

Mahali ambapo jambo hili hujidhihirisha waziwazi ni kwenye saratani zinazojitokeza baada ya mamografia safi na kabla ya zamu ya kipimo kinachofuata. Kwa desturi kundi hili lina sifa mbaya. Uvimbe wake kwa wastani ni mkubwa, wa daraja la juu, na mara nyingi zaidi hauna vipokezi. Na kwa kuwa saratani za namna hii ni nyingi zaidi kwa wenye matiti yaliyosongamana, ni rahisi kuunganisha nukta na kusema: unaona, msongamano na ukali ni ndugu.

Lakini kundi hili lina aina mbili ndani yake. Kuna saratani iliyokuwapo siku ya picha na haikuonekana. Hiyo huenda ni saratani ya kawaida tu, inayokua polepole, iliyonyimwa nafasi ya kuonekana. Na kuna saratani ambayo siku ya picha haikuwapo, au ilikuwa ndogo mno, kisha ikakua kwa kasi hadi ikahisiwa mkononi kabla ya zamu ya pili. Hiyo ndiyo kali kwa asili yake.

Ukishajua hivyo, msongamano unageuka kuwa zana ya kuzitenganisha. Kwenye titi la mafuta hakuna pa kujificha. Saratani inayojitokeza humo miezi michache baada ya picha safi, kwa sehemu kubwa, ni ile iliyokimbia. Kwenye titi lililosongamana zimo za aina zote mbili, zilizokimbia na zilizofichika. Kwa hiyo tutarajie kitu kinachoonekana kama kinyume cha mambo: kati ya saratani za kipindi cha kati, zilizo kali zaidi zitoke kwenye matiti ya mafuta.

Ndivyo watafiti wa Uswidi walivyokuta katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015. Zikilinganishwa na saratani zilizogunduliwa na mamografia, zile za kipindi cha kati kwenye matiti yasiyosongamana zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa zimefika kwenye tezi, kukosa vipokezi vya homoni, kuwa na HER2, au kukosa vyote vitatu. Kwenye matiti yaliyosongamana tofauti hiyo ilififia. Sijaona matokeo yanayolieleza suala hili vizuri kuliko hayo. Mwanamke aliyepata saratani ya kipindi cha kati kwenye titi lililosongamana na kuambiwa kwamba "hizi huwa mbaya sana" amepewa wastani wa kundi ambalo huenda si lake. Ripoti ya maabara ya uvimbe wake itamwambia zaidi kuliko wastani huo.

Na picha safi haipaswi kamwe kutumika kufunga mdomo wa dalili. Donge jipya, ngozi iliyojikunja, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, hayo yachunguzwe kwa ultrasaundi na ikibidi kwa biopsi, yaani kutoa kipande cha tishu na kukipima, hata kama mamografia ya juzi haikuonyesha kitu. Hasa kwa mwenye C au D.

Vipi kuhusu kifo chenyewe? Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wanawake zaidi ya 9,000 waliokwisha kugunduliwa saratani ya titi. Baada ya kuzingatia hatua ya ugonjwa na mambo mengine, waliokuwa na matiti yaliyosongamana hawakuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa. Waliokuwa na hatari zaidi walikuwa baadhi ya wenye matiti yaliyo karibu yote mafuta: wanene, na wale ambao uvimbe wao ulikuwa wa sentimita mbili au zaidi. Matokeo haya yanapaswa kuwanyamazisha wanaosema msongamano humaanisha saratani mbaya zaidi. Lakini usiyageuze kuwa faraja ya bure. Yanazungumzia watu ambao tayari wana saratani, baada ya hatua kuzingatiwa. Na hatua ndiyo hasa kitu ambacho ucheleweshaji huharibu.

Kutazama kwa jicho jingine

Kama tatizo mojawapo ni weupe kufunika weupe, dawa yake ni kipimo kisichotegemea weupe. Mamografia ya tabaka kwa tabaka husaidia kiasi, lakini nayo ni eksirei ileile, na kwenye matiti ya D faida yake ni ndogo. Ultrasaundi hutumia sauti. Utafiti wa J-START wa Japani, uliohusisha wanawake karibu 73,000 wa miaka 40 hadi 49, uliongeza ultrasaundi juu ya mamografia. Saratani zilizonaswa zilipanda kutoka asilimia 77 hadi 91, na zile za kipindi cha kati zikapungua kwa karibu nusu. Gharama yake ni kwamba wengi zaidi wasio na saratani waliitwa tena.

MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, hutazama kitu kingine kabisa: jinsi dawa ya kung'arisha picha inavyopokelewa na mishipa ya damu ambayo uvimbe hujijengea. Utafiti wa DENSE wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2019, uliwachukua wanawake 40,373 wenye matiti ya D ambao mamografia yao ilikuwa safi, na kuwaalika baadhi yao kwa MRI. Katika kundi lililoalikwa, saratani za kipindi cha kati zilikuwa 2.5 kwa kila wanawake 1,000; katika kundi la mamografia pekee zilikuwa 5.0. Asilimia 59 tu ya walioalikwa walikubali kwenda, na kwa waliofanyiwa kweli kipimo hicho zilikuwa 0.8. Upande wa pili wa mizani, karibu wanawake 80 katika kila 1,000 waliofanyiwa MRI ya kwanza waliitwa tena bila kuwa na saratani. Duru ya pili ilipunguza idadi hiyo hadi takriban 26. Matokeo ya utafiti wa BRAID wa Uingereza, ya mwaka 2025, yaliweka vipimo vitatu kando kwa kando kwa wanawake ambao mamografia yao ilikuwa safi: MRI iliyofupishwa ilinasa saratani 17.4 kwa kila vipimo 1,000, mamografia yenye dawa ya kung'arisha 19.2, na ultrasaundi ya mashine 4.2.

Hizo namba kubwa zinathibitisha kwamba zilizofichika ni nyingi. Hazijathibitisha kwamba kuzigundua zote mapema huokoa maisha kwa kiwango hichohicho, kwa sababu baadhi huenda ni zile za polepole ambazo zingeweza kusubiri. Ndiyo maana wataalamu hawakubaliani. Jumuiya ya Ulaya ya picha za titi, mwaka 2022, ilipendekeza MRI kila baada ya miaka miwili hadi minne kwa wenye matiti ya D wa miaka 50 hadi 70. Kikosi kazi cha Marekani cha huduma za kinga, mwaka 2024, kilisema ushahidi bado hautoshi kupendekeza au kukataa.

Wakati huohuo sheria zimetangulia. Nancy Cappello wa Connecticut aligunduliwa saratani iliyokwisha kuenea kwenye tezi mwaka 2004, muda mfupi baada ya mamografia safi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba matiti yake yamesongamana. Kampeni yake ilizaa sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2009, majimbo mengine yakafuata, na tangu Septemba 2024 kila kituo cha mamografia Marekani lazima kimwambie mwanamke kama matiti yake yamesongamana au la. Haki hiyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba barua hailazimiki kutaja herufi, hutosha iseme "yamesongamana", ikiwaweka karibu nusu ya wanawake kwenye kapu moja. Uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa ukiunganisha herufi na mambo mengine ya hatari, kama umri, ukoo na historia ya biopsi, ni takriban robo tu ya wenye matiti yaliyosongamana ndio walio kwenye uwezekano mkubwa wa saratani ya kipindi cha kati. Daktari anayeletewa barua hiyo aulizwe mambo mawili: herufi ni C au D, na hatari yangu yote kwa jumla ni kiasi gani.

Msongamano, mwisho, si wa kudumu. Hupungua kwa umri na baada ya ukomo wa hedhi. Homoni za kutuliza dalili za ukomo huo, zikiwa estrojeni pamoja na projestini, huupandisha. Tamoksifeni, dawa inayozuia kazi ya estrojeni kwenye titi, huushusha, na hapo kuna jambo la kusisimua. Katika utafiti wa kinga wa IBIS-I, wanawake waliotumia dawa hiyo na msongamano wao ukashuka kwa asilimia 10 au zaidi ndani ya miezi 12 hadi 18 walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 63. Ambao haukushuka hivyo, dawa haikuwapunguzia hatari. Mwaka 2021 watafiti wa Uswidi wakaonyesha kuwa miligramu 2.5 kwa siku, sehemu ya nane ya kipimo cha kawaida, hushusha msongamano kama kipimo kamili kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, na maudhi makali ya dawa hupungua kwa karibu nusu. Dozi hiyo ndogo, ikithibitika, itafanya kazi pande zote mbili kwa pamoja: kupunguza seli zinazoweza kugeuka saratani, na kupunguza weupe unaoificha saratani pichani.